Mashuka Meupe ya Gesti ya Mikindani

Mama anauza mashuka, foronya na taulo kwa jumla, hapa Mtwara mjini. Stoo yake imepakana na chumba changu, na mende hawaingii humo, maana kila baada ya shuka kadhaa anachomeka kipande cha kafuri. Ndiyo, kafuri ileile anayotiwa maiti kabla ya kufungwa sanda. Pua zetu zilishazoea zamani. Shuleni wenzangu wakinusa shati langu wanasema, "Poleni wafiwa," halafu wanahamisha viti.

Wateja wake wengi wana maduka vijijini, kuanzia Mpapura mpaka Kitaya. Msimu wa korosho ukifika wanabeba chochote, ilimradi kipige kelele: maua makubwa kama sinia, tausi, simba wawili wanaotazamana kama wanadaiana.

Ndipo akaja mstaafu mmoja wa ofisini, mtu wa bara, aliyejenga gesti Mikindani. Ukiiita gesti ananuna. Ni hoteli.

"Nataka meupe, mama. Wageni wa hadhi wanalala kwenye meupe."

"Meupe matupu, baba? Hata kaua kamoja?"

"Matupu."

Mama alimtaka mteja huyu kuliko alivyowahi kunitaka mimi. Wenye gesti wengine walikuwa wanamwangalia yeye. Akiusifia mzigo, wataacha kuagiza Dar. Akiuponda, Mama arudi kwenye tausi zake. Basi mzigo ulipofika akauweka stoo, na kwa heshima ya mteja akaongeza kafuri.

Kule gesti mhudumu hakuyafua, si mapya? Akatandika, akabana madirisha. Mgeni wa kwanza, mnunuzi wa korosho, akafungua mlango: kitanda cheupe, kimenyooshwa, harufu ile. Akasema "Innalillahi" hapohapo kizingitini, akamuuliza mhudumu maiti imetolewa saa ngapi. Akaenda kulala kwenye gari lake. Waliomfuata hata mabegi hawakushusha. Mwenye gesti, ambaye kwao maiti hawatiwi kafuri, alidhani ndivyo hoteli zinavyonukia.

Alipoelezwa, aliurudisha mzigo wote kwetu asubuhi, mishipa imemtoka.

"Mama, wageni wananipa pole! Nakuja jioni. Ukishindwa kunifutia aibu hii, nawaambia wenzangu wote."

Mama akafua yote, akaanika ua mzima.

"Mama," nikamwambia, "hapa tumefungua kiwanda cha sanda."

Ndala ikanipita sikioni.

Jirani yetu, bibi asiyepitwa na jambo, akachungulia juu ya ua. Akaona nguo nyeupe, akanusa hewa, akamwona Mama macho mekundu kwa sabuni. Hakuuliza. Muda si mrefu mikeka ikaingia, wanawake wakaingia, sufuria la wali likapanda jikoni.

"Hakuna aliyekufa!" Mama akapiga kelele.

Wakamkumbatia. "Lia tu, mwenzetu. Usijikaze."

Kadiri alivyokana ndivyo walivyomshika. Mimi nikaona si vizuri pole zipotee bure, nikakaa mlangoni nazipokea.

Jioni mwenye gesti akatokea na hasira zake. Kuona watu, hasira zikamwishia. Akavua viatu, akakaa mkekani, akamnong'oneza bibi jirani, "Nani jamani?"

"Hata sisi tunasubiri kuambiwa, baba."

"Ni mashuka yako, mzee," nikasema.

Bibi akatazama kamba moja baada ya nyingine.

"Haya yote ya kulalia wageni? Nani alimshauri huyu baba?"

"Alijishauri mwenyewe," Mama akajibu.

Wanawake wakaangua vicheko, wengine wakalala kabisa chini. Mzee alijaribu kununa, uso ukakataa, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Hayo meupe niwekee mawili," bibi akamwambia Mama. "Kwa umri wangu huu, nitafumua pindo mwenyewe, sanda haishonwi."

Mwenye gesti akakohoa. "Eti, mama... una yenye simba?"

Mama alikuwa keshafika stoo, anakung'uta kafuri kwa mikono miwili. Wali wa msiba usio na maiti ukapakuliwa. Mzee alikula sahani ya pili huku simu iko sikioni, akimfokea mwenye gesti mwenzake: "Achana na Dar! Nakwambia njoo kwa huyu mama, na usithubutu kuomba meupe."