Sahani ya Bi Mkasi

Nakuona unavyokunja kanga zako na kuzipanga begini, mwanangu, nami nakumbuka siku niliyofunga begi langu kwenda kisiwani Tumbatu kusomesha. Nilikuwa na umri kama wako, nimemaliza chuo, kazi sina, nikasikia wanatafutwa walimu wa kujitolea. Mama alinitilia unga, sukari, iliki na agizo moja tu: nisimtie aibu. Sisi watu wa Mji Mkongwe unatujua. Tunaamini adabu imezaliwa Malindi, mtaani kwetu, kwengine kote imepelekwa.

Kutoka Mkokotoni ni safari fupi ya boti, lakini niliposhuka nilijiona nimefika nchi nyengine. Kiswahili chao nilikuwa nakipata nusu, nusu kinanipita. Nikitoa salamu naitikiwa vizuri, kisha kimya, natazamwa kuanzia viatu. Nilipewa chumba karibu na skuli, na mlango wangu ulitazamana na wa Bi Mkasi, mama mtu mzima, mrefu, asiyepoteza maneno. Binti yake, Mwanakheri, alikuwa darasani kwangu.

Darasa lenyewe ndilo lililonipeleka huko. Wasichana wa kidato cha pili, hesabu zimewashinda, na mtihani unakaribia. Wakati ule, msichana wa pale akianguka ndiyo basi, skuli imekwisha. Nikaanzisha masomo ya alasiri, na mwanzoni walikuja wote, wakibanana wanne wanne kwenye dawati. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi.

Sasa sikiliza. Jioni moja Bi Mkasi akaniletea muhogo wa nazi na pweza, katika sahani ya bati yenye maua mekundu, juu amefunika kawa. Nikala mpaka nikaramba vidole. Asubuhi, kabla ya kwenda skuli, sahani nishaiosha, nimeijaza kaimati, nimeirudisha. Ndivyo nilivyolelewa: sahani ya jirani hailali kwako, wala hairudi tupu. Bi Mkasi akaipokea, akaitazama, akasema, "Haya." Majirani wengine nao wakaleta vyakula, na kila mmoja nikamrudishia asubuhi yake, huyu visheti, yule chila. Nikajisifu moyoni kwamba mama angeniona angefurahi.

Sahani zikaacha kuja. Baadaye wasichana nao wakaanza kupungua. Leo huyu anaumwa, kesho yule amekwenda pwani kuvuna mwani na mama yake, mpaka akabaki Mwanakheri peke yake. Siku moja hata yeye hakuja. Nilikaa mbele ya madawati matupu nikalia, mwanangu, sikufichi. Kisha nikarudi chumbani kufunga begi.

Nikiwa katikati ya kufunga, hodi. Bi Mkasi amesimama mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mkasi."

"Marahaba. Unakwenda?"

"Nnakwenda. Hamnitaki."

"Sisi?" Akaja juu. "Sisi ndio hatukutaki? Tunakupa chakula, chombo hata hakijapoa ushaturejeshea! Tumekukosea nini hata hutaki kitu chetu kilale ndani mwako? Watu washasema, mwalimu yule ni wa kuondoka, hataki kuacha kitu nyuma. Watoto wajizoeshe naye kwa lipi?"

Na mimi hasira zikanipanda. "Kwetu mjini, Bi Mkasi, kukaa na sahani ya mtu ndiyo aibu!"

"Na kwetu aibu ni kuirejesha mbio. Sahani yangu ikiwa kwako, nna sababu ya kuja kuiulizia. Nkija ntakaa. Nkikaa tutazungumza. We umenifungia njia."

Kumbe tu wawili tuliofundishwa adabu, kila mmoja amemuudhi mwenziwe kwa adabu yake. Nafikiri mimi ndiye niliyeanza kucheka, na machozi bado yako usoni. Akatoka bila ya kuaga, akarudi na ile sahani ya maua, juu yake kipande cha mkate. "Hii usinletee," akasema. "Ntaifuata mwenyewe."

Alasiri ya pili yake Mwanakheri alikuja, na nyuma yake wenziwe wawili. Kabla ya mtihani darasa lilikuwa limejaa tena. Hawakupita wote, nisikudanganye, lakini wengi walipita, na Mwanakheri leo anasomesha hesabu skuli ile ile.

Bi Mkasi alikuja kuiulizia sahani yake mara nyingi. Anakaa, anazungumza, anaondoka bila ya kuichukua. Niliporudi mjini akaniamuru niende nayo, na kwa miaka akawa anakuja mpaka hapa nyumbani kuiulizia. Ndiyo ile iliyo kabatini, maua yamefutika, unayoniuliza kila siku kwa nini siitupi. Alipofariki nikaipeleka mazikoni, nimkabidhi binti yake. Mwanakheri akanisukumia kifuani, macho yamemvimba. "Ukiirejesha hii, Mwalimu, ntakuja kwako kwa lipi?" Nikalia kuliko nilivyolia mbele ya yale madawati.

Basi, mwanangu, huko Kojani unakokwenda kusomesha, adabu ya nyumbani kwenu nenda nayo, lakini usidhani ni hiyo peke yake duniani. Ukiona watu wamekunyamazia, usikimbilie begi. Kaa uulize, hata kama kuuliza kunakuonesha mjinga. Na mtu akikutendea wema, usiwe na pupa ya kuumaliza. Uache ukae kwako, umpe sababu ya kurudi.

Mwenyezi Mungu akuvushe salama, akupe wanafunzi wabishi wanaotaka kujua, akulinde na kila baya. Na siku utakayorudi nikikufungulia begi hili, inshallah nikute ndani yake chombo cha mtu.