Sahihi ya Chai

Najua mtasema jua lilinichoma utosini. Lilikuwa kali, sikatai. Lakini mimi nimefundisha darasa la pili miaka thelathini na moja, na mtu aliyezoea watoto wa darasa la pili hadanganyiki ovyo. Saa tisa mchana, hapa Machakos, nilimpa mkono mtu aliyekwisha kuzikwa. Niamini au uache, ila nisikilize hadi mwisho.

Nilipostaafu, chuo kikuu kimoja cha hapa kwetu kiliniita katika kamati yake ya maadili, ile inayochunga wanyama wanaofanyiwa utafiti wasiteswe bure. Kanuni zao zinataka mmoja wa wanakamati awe mtu wa kawaida, si profesa wala daktari. Basi mtu wa kawaida nikawa mimi. Maprofesa wakizungumza mambo ya dozi na sindano, mimi kazi yangu ilikuwa rahisi: kushuka bandani, kuangalia kama wanyama wana maji, chakula na kivuli, kisha kutia sahihi kwenye fomu iliyoandikwa, “Nimeingia, nimeona kwa macho yangu.” Nilijivunia kazi hiyo, hata kanisani nilikuwa nikiitajataja.

Shida ni kwamba banda liko chini kabisa mteremkoni, na mkutano huisha watu wamechoka na chai imeshawekwa mezani. Polepole tukazoea kusaini hapo hapo, chapati mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Tulikuwa na jina la utani la mtindo huo, sahihi ya chai, na tulicheka kila tulipolitaja. Nikikumbuka kicheko hicho leo naona haya.

Mkutano wa mwisho kabla ya Krismasi katibu alinisogezea fomu akasema, “Mwalimu, weka tu sahihi. Kwani hao mbuzi wamehama?” Nikaweka. Fomu ilisema mfereji wa bandani unatoa maji vizuri.

Mfereji ulikuwa umekauka. Kioko, mtunzaji wa banda, alikuwa amewaambia watu wa ofisi mara kadhaa kwa mdomo, maana si mtu wa barua, na alipoona hawamsikii akawa anabeba maji mwenyewe kwa mitungi kutoka kisimani. Kisha chuo kikafungwa, malaria ikamlaza. Akapiga simu ofisini, nani apokee wakati wa sikukuu? Chuo kilipofunguliwa, mbuzi sita wa utafiti wa dawa ya minyoo walikutwa wamekufa kwa kiu.

Uchunguzi haukuchukua hata asubuhi moja. Karatasi zilisema maji yalikuwepo, kwa hiyo kosa likawa la Kioko, mvivu aliyeshindwa kufungua mfereji. Akafukuzwa. Nami nilikuwa nimeketi pale pale mezani, najua sikushuka bandani, na nikanyamaza. Niseme nini? Niliogopa aibu. Hakuna sababu nyingine.

Mwezi wa pili, siku ya ukaguzi, nilifika mapema nikashuka bandani peke yangu kabla ya mkutano. Na nani nikamkuta? Kioko. Amevaa koti lake la kazi la kijani, mtungi begani, anamimina maji kwenye hori. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikadhani wamemrudisha kazini, na dhambi yangu imefutika bila mimi kufungua kinywa.

“Ũvoo waku, Mwalimu?” akanisalimia kwa Kikamba chetu, akanipa mkono. Ulikuwa umelowa, na baridi yake ilipanda hadi kwenye kiwiko.

“Leo umeingia,” akasema.

“Nimeingia, Kioko.”

“Basi fungua hiyo mfereji.”

Nikaufungua, pale kando ya mlango. Ukatoa pumzi, halafu kimya.

“Umeona?”

“Nimeona.”

“Kwa macho yako?”

“Kwa macho yangu.”

“Basi andika.”

Nikainama kutafuta kalamu mkobani. Nilipoinua uso, hayupo. Na mlango wa banda ni mmoja tu, nami ndiye niliyesimama mlangoni. Mbuzi waliobaki walikuwa wamejipanga kwenye hori, vichwa chini, wanakunywa. Niliwasikia wakimeza. Nikasogea, nikatia mkono horini, nikashika vumbi. Nao wakaendelea kumeza.

Mtunzaji mpya, mama wa makamo, alinikuta nimeshikilia nguzo. “Mwalimu, ulikuwa unaongea na nani?”

“Na Kioko. Ametoka sasa hivi.”

Mama yule akaketi chini. “Kioko si alikufa! Tulimzika Jumamosi, huko Matuu.”

Sikwenda mkutanoni. Kesho yake nilikwenda Matuu kwa mjane wake, nikamweleza yote, nikilia. Yeye hakulia. Akasema, “Pole yako siitaki, Mwalimu. Hiyo maneno umeniambia, uandike. Watoto wangu huko shule wanaitwa watoto wa mwenye aliua mbuzi.”

Nikaandika kurasa mbili pale pale kwake, mwandiko safi kama wa ubaoni. Nilipofika mahali pa sahihi, mkono ukakataa. Vidole vilishika kalamu vizuri, lakini kilichotoka ni mikwaruzo ya mtoto anayeanza shule. Nikajaribu ukurasa mwingine, na mwingine, hadi daftari la mwanawe likaisha.

Niliipeleka barua chuoni hivyo hivyo. Afisa akafungua faili, akailinganisha na fomu zangu za zamani, akatikisa kichwa. “Pole, Mwalimu. Hii sahihi hailingani. Hatuwezi kuipokea.” Nikasaini mbele yake, mikwaruzo ile ile. Nikaomba niweke kidole gumba. Akasema kwenye faili hakuna kidole gumba changu cha kulinganisha nacho.

Nimekwenda hospitali, daktari anasema mkono ni mzima. Niliacha kamati. Siku hizi benki naweka kidole gumba, mimi niliyefundisha nusu ya mji huu kuandika majina yao. Mjane hunipigia kila Jumamosi kuuliza kama barua imekubaliwa, na kila Jumamosi namwambia bado.

Kwa hiyo wewe unayeletewa fomu pamoja na kikombe cha chai, nakuomba, teremka kwanza ukaangalie. Usijiambie kwamba ukweli utausema baadaye. Mimi niliusema, na haukupokelewa. Ile sahihi yangu ya uongo bado imo kwenye faili lao, imenyooka, nzuri, na ndiyo wanayoiamini.