Dume wa Zizini na Meno ya Baba Mkwe

Mwanangu, naikumbuka siku dume wetu alipochinjwa Lukole, na hata leo nikiisimulia siwezi kukaa kitako.

Tulikuwa tumehama kutoka Runazi, mimi mke mgeni katika familia ya Wasukuma, tukajenga jirani na kambi ya wakimbizi ya Lukole. Watu walikuwa wengi, majani yakaisha, ng'ombe wakabaki mbavu tupu. Melkiori, Mrundi mwenye bucha kambini, akaja kwa baba mkwe.

"Shikamoo, mzee. Nyama yako watu wanaitafuna mpaka taya zinauma. Ikija tena ya hivi, nitanunua kwingine."

Yeye ndiye aliyekuwa akinunua ng'ombe wetu; akituacha, tungehama tena! Nikapiga goti. "Baba, nipe dume mmoja nimlishe zizini."

"Ng'ombe afungwe kama mgonjwa?" Alicheka, lakini akanipa. Dume mwingine wa rika lake akabaki machungani.

Nilianza na majani makavu na mashina ya viazi vitamu. Pumba za mahindi nilitia kidogo tu, nikaongeza polepole, maana pumba nyingi za ghafla humvimbisha ng'ombe tumbo akafa. Mume wangu akaleta mashudu ya pamba, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, kutoka Shinyanga. Maji hayakukosekana, wala chumvi. Mwanangu, alivyonenepa yule dume! Mgongo ukajaa, ngozi ikang'aa, majirani wakawa wanapita kwetu makusudi wamtazame.

Ikatokea harusi kambini, Melkiori akawachinja madume wote wawili. Watu wakasongamana. Nyama ya yule wa machungani ilikuwa kavu, na mafuta machache ya manjano. Ya wangu, oo! Mafuta meupe yamepenya ndani ya nyama kama nyuzi.

Melkiori akachoma kipande, akampa baba mkwe, ambaye kwa ubovu wa meno alikuwa ameacha nyama, akinywa mchuzi tu. Tukamsogelea wote. Mzee akatafuna. Akameza.

"Ongeza," akasema.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka! Kesho yake mwenyewe alikuwa porini, anakata miti ya kupanua zizi.

Basi mwanangu, ukitaka nyama laini, anza na chakula cha ng'ombe. Mpe kilicho bora, mchanganyie, mzoeshe taratibu, usimharakishe. Mungu aujaze mkono wako unaolisha, na wazee wa nyumba yako wale na kushiba.