Kibali Chenye Kichwa cha Ng'ombe

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, niliyowapikia majirani kumi na wawili pilau ya nyama ili wanipe ruhusa ya kujenga ukuta. Kaa vizuri, na hiyo simu iweke kifudifudi. Umeniambia wewe na binamu yako mmenunua fleti mtaa wa Troyeville, hapahapa Johannesburg, hati ina majina yenu mawili, na sasa mnataka kuziba balkoni mpate chumba cha tatu. Umeniuliza kama namjua fundi mzuri. Fundi namjua. Lakini kwanza utanisikiliza, maana hilo kosa nimeshalifanya mimi, tena nililifanya kwa ustadi.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mjane kijana, mdomo mwingi, cherehani mbili. Mume wangu ndiye aliyenitoa Morogoro. Alikuwa mkimbizi wa siasa kule kwetu. Nchi yao hii ya hapa ilipofunguka, ubaguzi ulipokwisha, akanileta kwao, na baada ya miaka michache akafariki, akaniacha na mtoto mmoja na Kizulu cha kuombea chumvi tu. Nikapatana na Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, tukanunua fleti mtaa wa Yeoville, ghorofa ya tatu, nusu yake na nusu yangu. Watu walitucheka. Mtanzania na Mkongo, wanawake wawili, jiko moja! Tukawaambia mtazoea. Yeye akachukua chumba chake, mimi na Neema wangu chumba chetu, cherehani zikakaa sebuleni, vitambaa mpaka juu ya televisheni. Kila Mama Furaha akikaa kwenye kochi, anachomwa na pini. Wala hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ananiletea ile pini mkononi na kuniambia, "Mama Neema, hii ni yako."

Basi akafiwa na mama yake, akaenda Bukavu wiki tano. Nikaona nafasi ndiyo hii. Akirudi akute balkoni imezibwa, ina dirisha, cherehani zimehamia huko. Nia yangu ilikuwa njema, na hilo nitalitetea mpaka kesho.

Sasa sikia nilivyojiharibia. Kwetu Morogoro, enzi zile, ukitaka kuongeza chumba unakwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi anaita majirani, mnakunywa soda, kila mmoja anasema hana neno, mnaandika karatasi, balozi anagonga muhuri. Basi, kwisha. Baba yangu aliongeza vyumba viwili kwa njia hiyo na hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi nilikuwa nimeishi Johannesburg miaka kumi, lakini kichwa changu kilikuwa hakijapanda basi. Nikatafuta balozi kwenye jengo letu, nikakosa. Nikasema kama hayupo, tutamchagua. Tukamchagua Baba Shukuru mwenye bucha pale chini, si kwa busara zake, hapana, ila ndiye peke yake aliyekuwa na muhuri. Muhuri wenyewe wa bucha. Una kichwa cha ng'ombe katikati, pembe na masikio.

Watu walikula siku hiyo! Karatasi niliiandika mwenyewe kwa Kiswahili, nikaipamba kwa maneno ya mahakamani niliyoyabuni palepale. Walioweza wakatia saini, wengine wakaweka dole gumba lenye mafuta ya pilau. Baba Shukuru akagonga muhuri mara tatu, kwa kishindo, kwa kuwa cheo kilikuwa kimempanda kichwani.

Aliyekataa ni mmoja tu. Tulimwita Mkhulu Dube, yaani Babu Dube, mwenyeji wa hapahapa, mzee aliyefanya kazi ya uashi maisha yake yote. Alikula sahani mbili, akafuta mdomo, akaivuta karatasi, akamtazama yule ng'ombe kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwa Kizulu cha polepole ili nimwelewe: "Mwanangu, chakula chako kitamu. Lakini hii si ruhusa. Tafuta mtu akuchoree ramani, kamati ya jengo iikubali, manispaa waipitishe, ndipo ujenge. Siku ya kuuza watakuuliza."

Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Mkhulu, nani kakwambia nauza?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamfungia na nyama ya kwenda nayo, nikijiona nimemweza. Jumatatu fundi akaanza kupanga matofali.

Mama Furaha aliporudi, bado na kitambaa cha msiba kichwani, akakiona kile chumba, akakaa kwenye kochi, akalia kwa furaha. Kisha akauliza, maana yule mama alikuwa na akili zake: "Karatasi iko?"

"Iko, dada. Ina hata muhuri."

Hapo sikudanganya, mwanangu. Siku ile niliamini.

Uongo ulikuja kama miaka mitatu baadaye. Kamati ya jengo ilipitisha barua chini ya milango: kila aliyeziba balkoni alete ramani iliyopitishwa na manispaa. Niliisoma nimesimama. Nikajua palepale kwamba Mkhulu alisema kweli na mimi nilimfanya achekwe na watu. Ningemwonyesha mwenzangu, mwenye nusu ya nyumba, tungeihangaikia wote tungali na nguvu. Sikumwonyesha. Niliona aibu. Niliikunja nikaitia kwenye kopo la vifungo. Ikaja ya pili, nayo nikaitia humohumo. Baadaye wanakamati wakagombana, mwenyekiti akahama, barua zikakoma, nami nikamshukuru Mungu kwa ugomvi wa watu. Ona moyo wa binadamu ulivyo.

Miaka ikaenda. Mwaka juzi magoti ya Mama Furaha yakagoma. Amesimama kusuka nywele za watu karibu miaka thelathini, na lifti ya jengo letu ilikufa kabla hatujanunua. Akaniambia, "Mama Neema, tuuze. Mie ngazi zitaniua." Binti yake, Furaha, anakaa mtaa wa Observatory, na alimpatia mama yake chumba jirani naye, chini kabisa, mlango unafunguka kwenye bustani. Mwenye nyumba alikubali kukishikilia miezi miwili. Mama Furaha alikizungumzia chumba kile asubuhi na jioni. Alishachagua hadi mahali pa kupanda sombe, yaani kisamvu.

Mnunuzi tukampata upesi, mwalimu wa shule, kijana mpole. Unajua kilichomvutia ni nini? Kile chumba cha balkoni! Ndipo ofisi ya wakili ikapiga simu: benki ya mnunuzi inataka ramani iliyopitishwa ya kile chumba, bila hiyo haimkopeshi.

"Karatasi iko?" akauliza Mama Furaha.

"Iko," nikasema.

Huo sasa ndio uongo, mwanangu, na ulinitoka kwa wepesi wa ajabu. Wiki ya kwanza karatasi ilikuwa ndani ya sanduku. Wiki ya pili sanduku lilikuwa kwa mawifi zangu Soweto. Wiki ya tatu wifi mwenye ufunguo kasafiri Polokwane. Wiki ya nne wifi amerudi ila ufunguo umebaki Polokwane. Sanduku lenyewe lilikuwa chini ya kitanda changu. Mama Furaha wa watu alikuwa ananiamini, anampigia simu mwalimu kumbembeleza avute subira.

Wiki ya tano akavaa gauni lake la kanisani, akasema anakwenda mwenyewe kwa wakili kuomba muda. Alishuka ghorofa tatu kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, anaguna, anamtaja Yesu. Nilikuwa nyuma yake nimebeba mkoba wake na fimbo yake, na kwenye mkoba wangu nilikuwa na ile karatasi ya pilau, maana sikuwa na pengine pa kukimbilia. Bado nilijidanganya kwamba huenda muhuri utawaridhisha.

Mapokezi alikaa binti mmoja, mtoto wa Wakongo aliyezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza. Nikaitoa karatasi yangu, wakili akamwomba amsomee. Binti akasoma kwa sauti: "Sisi wakazi wa jengo hili, tukiwa na akili timamu, hatujalewa, na tumekula tukashiba, tunamruhusu Mama Neema kujenga ukuta kuanzia leo hata milele." Akafika kwenye "hata milele" akashindwa, akavua miwani, akaweka kichwa mezani. Wakili akaichukua, akaigeuzageuza.

"Eish, Mama. Huyu ni ng'ombe?"

"Ni ng'ombe," nikasema. Ningesema nini?

Ofisi nzima ilicheka, hata mwalimu aliyekuwa amekuja kusikiliza. Mama Furaha peke yake hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Weye ulijua?"

Nikatamani nipotee. Nikamwambia najua tangu barua ya kamati. Akauliza, barua gani? Nikamweleza mbele ya watu wale wote, kopo la vifungo, wifi, Polokwane, kila kitu. Nililia bila kujizuia, mtu mzima mimi, na yule binti hakucheka tena.

Benki ikakataa. Mwalimu akanunua kwingine. Mwisho wa mwezi chumba cha Observatory akapewa mtu mwingine.

Mama Furaha alininyamazia siku tisa. Ya kumi akafungua mdomo: "Nenda uitafute hiyo ramani." Nikaenda. Mchora ramani alikuja na futi yake, akapima, akaguna. Kamati ilikuwa imekufa, kwa hiyo nikaifufua mimi, mlango kwa mlango, nikipatanisha watu wasiosalimiana tangu Neema yuko darasa la tatu. Nilipika tena pilau, safari hii wapige kura za kweli. Manispaa wakaniambia dirisha langu ni dogo kuliko sheria, nikabomoa, nikaweka kubwa, nikarudi. Mkhulu Dube alishafariki zamani, sikuwa na wa kumwomba radhi. Ilichukua miezi kumi.

Na kwa miezi hiyo kumi mimi ndiye niliyekuwa miguu ya Mama Furaha. Sukari mimi, dawa mimi, mkate mimi. Jumapili namshika mkono twende kanisani, na kila ghorofa anasimama kupumua, na jirani yeyote akitokea, Mama Furaha ananiuliza kwa sauti, "Mama Neema, tunangojea karatasi ya nani?" Nami najibu, "Yangu, dada." Watoto wa jengo walishaujua ule mchezo, wakawa wanajibu pamoja nami.

Ramani ikapitishwa, fleti ikauzwa. Furaha alikuwa amepata chumba kingine, kizuri tu, ila hakina bustani. Lakini siku ya kuhama Mama Furaha alikuwa hawezi tena kushuka, hata kwa makalio. Vijana wanne wa kanisani walimketisha kwenye kiti cha plastiki wakambeba. Alikuwa anawapungia mkono majirani, anawaambia mnaona bibi harusi anavyotolewa, watu wanapiga vigelegele. Nami nilicheka. Walipomtua chini akaniita nisogee, akanishika shavu.

"Dada, ukuta sikuukasirikia," akaniambia. "Ungesema 'sina' siku ile ya barua ya kwanza, ningeshuka kwa miguu yangu."

Nikamwekea fimbo yake mkononi, mwanangu. Kila Alhamisi nakwenda kumsuka nywele, na hatulizungumzi tena.

Kwa hiyo nenda kaite mchora ramani kabla hujamwita fundi. Ruhusa ya majirani ni jambo jema, lakini hapa haipiti benki. Na kama ulishagusa ukuta bila karatasi, usinifiche, wala usimfiche binamu yako. Mpigie leo hii umwambie huna. Atafoka, utaaibika kidogo, kisha mtaanza kuhangaika wawili mkiwa na magoti mazima. Nyumba ya majina mawili, barua yake isomwe na watu wawili.

Haya, inuka. Mungu akupe paa lisilovuja, mwenzio asiyekuchoka, na siku ukiulizwa karatasi iko wapi, akupe ulimi mwepesi wa kusema sina. Namba ya fundi nitakupa ukirudi na ramani.