Laptopu ya Raili Haijastaafu

Raili Hyttinen aliendesha winchi ya kiwanda cha karatasi katika mji wa Varkaus kwa miaka thelathini na minne, akinyanyua magogo huku wanaume wa chini wakimwelekeza kwa mikono mambo aliyoyajua kuliko wao. Kwa hiyo mkwewe Ossi alipojaribu kumstaafisha mara ya pili, alikosea mtu.

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na moja jioni, wakati wa kahawa. Ossi, mume wa binti yake Minna, aliifungua laptopu ya Raili kando ya sahani ya maandazi ya mdalasini, akaingia mtandaoni kwenye ukurasa wa kupima kama mashine itaweza kuendesha gemu mpya. Haukupita muda, ikatokea alama nyekundu.

"Basi, mama, imekataa. Kadi ya picha haina nguvu. Gemu hata haitafunguka."

"Pima tena."

"Nikipima mara mia jibu ni hilohilo. Mashine ya miaka saba hii, ipeleke makumbusho." Akacheka peke yake. "Halafu na wewe nawe, miaka sitini na tisa, kukimbizana na majitu ya mapangoni ya nini? Nitakuletea tableti, uwe unajaza mafumbo ya maneno taratibu."

Mafumbo ya maneno! Raili alimjazia kikombe, lakini moyoni alikuwa anatokota. Huyu hajui kitu. Kwa miaka sita, kila Jumamosi saa nane mchana, Raili na wenzake wanne wa kiwandani wamecheza pamoja kwa mtandao, kila mmoja nyumbani kwake, sauti zao masikioni mwa wenzao. Mumewe alipofariki, ni hao waliomtoa kitandani, Jumamosi moja baada ya nyingine. Sasa kundi linahamia gemu mpya wiki hii hii, na nahodha wao Sirkka alishasema bila kumung'unya maneno: asiye na mashine, nafasi yake anapewa Eila, anayesubiri nje ya kundi.

Asubuhi ya Alhamisi akampigia Sirkka.

"Nimepata nyekundu."

"Maskini shoga yangu. Basi nimwambie Eila ajiandae?"

"Thubutu! Mpigie uone."

Akakata simu, akavaa miwani, akaketi mbele ya ile laptopu. Kule juu ya winchi taa nyekundu ya uzito ilikuwa ikiwaka kila mwezi, na dereva mwenye akili hakushusha mzigo kabla ya kujua kipimo kinapima nini. Akausoma ukurasa neno kwa neno. Jina la kadi lililoandikwa pale lilikuwa fupi, halifanani kabisa na lile la kwenye kibandiko karibu na vitufe. Ebo! Walikuwa wanapima kitu gani jana?

Alipochimbua akagundua mashine yake ina kadi mbili. Kuna ndogo, ya kuandikia barua na kutunza betri, na kuna kubwa, ya gemu. Ile kubwa hulala laptopu ikitumia betri. Raili mwenyewe ndiye aliyeiamuru ilale, miaka miwili nyuma, akasahau.

Na jana ilikuwa kwenye betri kwa sababu ilikuwa saa kumi na moja. Wanaonunua umeme kwa bei inayobadilika kila saa wanajua, saa hiyo bei hupanda na plagi hutoka ukutani. Raili alikuwa amechomoa kila kitu isipokuwa birika la kahawa. Ossi naye hufanya hivyohivyo kwake, ndiyo maana aliuona waya wa chaja unaning'inia na wala hakushtuka.

Akachomeka. Feni ikanguruma. Akapima upya, safari hii ikaja alama ya manjano: itaweza, kwa shida, picha zikipunguzwa ubora.

"Kwa shida," Raili aliiambia laptopu. "Kwani mimi nimewahi kufanya nini bila shida?"

Ijumaa akajaribu gemu. Nusu saa tu, mashine ikapata moto ikazimika. Raili alitukana kidogo, kisha akatazama nje. Ilikuwa baridi ya nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, ya kupoza mashine bure kabisa. Akabeba meza ndogo mpaka roshani, akaupitisha waya mlangoni, akakata ncha za vidole vya glovu zake kuukuu.

Jumamosi Ossi na Minna walifika saa nane na robo na tableti yao kwenye boksi lenye utepe. Walimkuta mama yao roshani, koti la manyoya, kofia hadi kwenye nyusi, akimpigia Sirkka kelele ajifiche nyuma ya mwamba.

"Mama!" Minna aliinua simu yake. "Umeona bei ya umeme? Nchi nzima hakuna upepo wa kuzungusha mitambo leo, imepanda vibaya mno!"

Ossi, kwa mazoea tu, maskini, akainama kuushika waya ukutani.

"Ossi!" Raili hakugeuza hata shingo. "Ukiugusa huo waya, Minna anarudi kwake mjane."

Masikioni mwake wanawake wanne waliangua kicheko. Ossi akabaki ameinama vilevile, mkono hewani.

"Chomoa friji," Raili akasema. "Chomoa na taa. Kisha kaa humo gizani na tableti yako, ujaze mafumbo."