Papa amepika narsisi za bustani

Leo papa yangu amekula maua. Msicheke.

Ni zile narsisi fupi za manjano tulizopanda pamoja nyuma ya nyumba, hapa Uccle. Siku hizi anasahau mambo, donc nilitaka mikono yake ipate kazi. Asubuhi zilikuwa zimechanua. Alifurahi!

Niliporudi kutoka kazini nikamkuta sakafuni jikoni, anatapika na kutetemeka.

«Papa, umekula nini?»

«Maharagi na vitunguu. Nimevuna mwenyewe.»

Nikachungulia sufuria. Alikuwa amezing'oa narsisi, akakatakata vile vichwa vya chini ya udongo. Vinafanana kabisa na vitunguu. Lakini ni sumu.

Nikaita ambulansi.

Daktari anasema atapona. Bon, Mungu asifiwe. Kisha akaniambia, «Madame, hawezi tena kubaki peke yake nyumbani.»

Na nyumbani tuko wawili tu.

Sasa nimekaa kando ya kitanda chake. Muda si mrefu uliopita amenishika mkono, akasema kwa heshima kabisa:

«Asante, maman. Mukimuona binti yangu, mumuambie chakula yake iko kwa meza.»

Nimemjibu, «Nitamuambia, papa.»

Ninyi mngejibu nini?