Ushanga Mwekundu Katikati ya Nyeupe

Nilipokuwa na miaka kumi, hakuna mtu aliyenichosha kama bibi yangu mzaa mama. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Mama alishinda kwenye shamba la kijiji kule bondeni, nami nikitoka shule nilipanda mlimani kumsaidia Bibi kutunga shanga. Dada yangu Koleta alikuwa mwali, amefungiwa ndani zaidi ya mwezi, na siku ya kutolewa ilibidi avae mkanda wa shanga mbele ya ukoo mzima.

Duka la ushirika halikuwa na shanga, kama ambavyo halikuwa na sabuni. Tulifumua mikanda ya zamani, tukazitenga shanga kwenye vifuu, kila rangi na kifuu chake, tukazitunga upya kwa uzi wa katani. Nyeupe zilikuwa ukungu wa asubuhi, za kijani msitu, nyeusi mawe ya mtoni, pale wazee walipotambikia. Bibi alivaa rozari shingoni na hakuona ugomvi wowote hapo.

Kilichonishinda ni ushanga mmoja mwekundu, ambao Bibi alitaka ukae peke yake katikati ya safu nyeupe.

"Bibi, hapa umekosea."

"Sijakosea. Mlima wenyewe una makorongo. Ukitunga kitu kisicho na kosa, wenye mlima wataona unashindana nao. Hakitadumu."

Kila siku maneno yale yale. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na mimi nikaamua kuwa huo ni udhuru tu. Siku moja nilimjibu mbele ya mama mdogo Tekla: "Sema tu huoni, Bibi."

Mama mdogo aliacha kuchambua maharage. Bibi alifuta mikono kwenye kanga yake, akasema, "Haya."

Alipokwenda kujilaza, nilifumua mkanda mpaka katikati, nikatoa ule mwekundu, nikatia mweupe, nikaunga uzi haraka haraka. Safu ilipendeza. Nilijiona fundi.

Siku ya kutolewa, Koleta alisimama mlangoni amepakwa mafuta, kichwa ameinamisha, wanawake wakiimba. Hakupiga hatua tatu. Mkanda ulikatika, shanga zikamwagika uani, kuku wakazikimbilia. Wimbo ulikufa. Mzee mmoja wa ukoo akasema huo ni mkosi, mwali arudishwe ndani mpaka mavuno mengine. Koleta alilia bila kuinua uso, kama alivyofundwa.

"Harudi ndani," Bibi alisema. Akaketi chini, akaomba vifuu vyake. "Watoto, okoteni. Msichanganye rangi."

Alitunga mwenyewe, midomo ikihesabu, sisi tukingoja juani na chakula kikipoa. Nilikaa karibu nikidhani ataniita. Hakuniita. Alipofika katikati ya nyeupe, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye kifuu cha nyekundu, ukachukua mmoja, ukarudi. Hakupapasa. Mkanda ule ulikuwa kichwani mwake wote, na macho hayakuwa na kazi.

Koleta alicheza mpaka jua likazama nyuma ya mlima, na mkanda ukashika.

Leo nami nina wajukuu. Najua uzi ulikatika pale nilipouunga, kwa fundo la mtoto mwenye haraka. Sihitaji mizimu kunieleza hilo. Na bado sijawahi kutunga mkanda bila kuacha kosa moja, jambo linalonikera mwenyewe.

Lakini kinachonikera zaidi ni kingine. Kabla ya kuanza kutunga, Bibi aliokota kipande cha uzi uliokatika, akalipata fundo langu, akalisugua kati ya vidole viwili. Aligeuza uso upande niliokuwa nimekaa. Kisha akalifumbata. Hakulitaja siku ile, wala siku nyingine yoyote hadi tulipomzika. Angenichapa ningelia, yakaisha jioni ile ile. Alininyamazia, na sijui hata leo nimwombe nani radhi.